Njia ya Emau na Majonzi ya Walioshindwa

(Someni kwanza Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 24, tangu aya ya 13 hata ya 35.)



Siku ya Pasaka ya kwanza watu wawili waliondoka Yeruzalemu wakashika njia ya kwenda kijiji cha Emau. Mmoja wao aliitwa Kleopa; jina la wa pili halikuandikwa. Walikuwa wakizungumza, na mazungumzo yao yalikuwa juu ya jambo moja tu, yaani mambo yaliyotokea Ijumaa. Waliyajua yote: nani alimtoa Yezu ahukumiwe, jinsi alivyosulibiwa, na habari waliyoleta wanawake kutoka kaburini asubuhi ile. Hawakukosea katika habari yenyewe. Walakini nyuso zao zilikuwa na huzuni, na Mgeni alipowauliza wanazungumza nini, walisimama. Kisha wakamweleza ya kwamba wao walikuwa wakitumaini.

Angalieni neno hilo. Hawakusema ya kuwa wanatumaini. Walisema walikuwa wakitumaini. Tumaini lao lilikuwa jambo la jana, kama nguo za marehemu zilizofungiwa sandukuni.

Kila mtu aliyepata kutumaini jambo kwa moyo wote, na jambo lile likavunjika mbele ya macho yake, aijua njia ya Emau. Mkulima aijua, mvua ilipokatika mahindi yakiwa yanachanua. Mama aijua, aliyeshona nguo za mtoto ambaye hakuishi kuzivaa. Na katika Kasumbalesa, na katika vijiji vilivyo kandokando ya njia kuu ya Lubumbashi, waijua pia watu wapendao mpira. Labda mtu atacheka akisikia mpira ukitajwa katika mafundisho ya dini. Asicheke. Bwana wetu alifundisha kwa mfano wa mbegu, nyavu, chachu na sarafu iliyopotea, maana moyo wa mtu huonekana wazi katika mambo madogo. Mtu akitaka kujua jinsi atakavyoyachukua mambo makubwa, na atazame jinsi anavyoyachukua madogo.

I. Timu iliyozaliwa katika nyumba ya wamisionari

Timu ambayo leo yaitwa TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Walioianzisha ni wamisionari Wabenediktini, walioongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi. Waliiunda kwa ajili ya vijana maskauti, wakaipa jina la Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Mwaka 1944 ikaitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo. Baadaye wamisionari waliacha kuiongoza, nayo ikachukua jina la Englebert, iliyokuwa alama ya matairi ya magari. Na ilipotwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja, ikaongezewa maneno ya Kifaransa Tout Puissant, ambayo maana yake ni Mwenyezi. Juu ya jina hilo yatasemwa maneno mbele kidogo.

Mwaka 1967 na mwaka 1968 timu hiyo ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika. Watu wakaona ya kuwa kombe limezoea njia ya kwao. Lakini fainali ya mwaka 1969, waliyocheza na Ismaily ya Misri, ilikwenda vingine. Kinshasa walitoka 2 kwa 2. Huko Misri wakafungwa 3 kwa 1. Fainali ya mwaka 1970, ambayo ilichezwa Januari 1971, waliikabili Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi walitoka 1 kwa 1. Ugenini wamekwisha kuvuka salama, basi nyumbani nani atawazuia? Kinshasa wakafungwa 2 kwa 1, mbele ya watu wao wenyewe.

Na yafaa kujua ya kuwa Kotoko nao walikuwa na jeraha. Mwaka 1967 walitoka sare na Englebert mara mbili katika fainali. Ukapangwa mchezo wa tatu katika nchi ya tatu. Kotoko hawakufika, na kombe likapewa Englebert. Hivyo miaka mitatu watu wa Kumasi walikuwa wakisimulia habari ile kwa uchungu, na ilipofika Januari 1971 uchungu ukahama nyumba. Ulitoka Kumasi ukaja kukaa Katanga.

Ulikaa muda mrefu. Tangu mwaka 1968 hata mwaka 2009 kombe lile halikuonekana tena Lubumbashi. Hiyo ni miaka 41. Kijana aliyepiga makofi katika ushindi wa zamani alikuwa amekwisha kuwa babu. Mwaka 2009 likarudi, na mwaka 2010 likabaki. Desemba ya mwaka 2010 Mazembe walikwenda Abu Dhabi kushindana na mabingwa wa mabara mengine. Wakaishinda Pachuca ya Meksiko 1 kwa 0, wakaishinda Internacional ya Brazili 2 kwa 0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Tarehe 18 Desemba walisimama mbele ya Inter ya Milano, Italia. Kabla ya dakika ya ishirini walikuwa wamekwisha kufungwa mawili, na bao la pili lilifungwa na Samuel Eto'o, mwana wa Kameruni, Mwafrika mwenzao. Mwisho ulikuwa 3 kwa 0.

Mwaka 2013 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Kule Tunisia walifungwa na Sfaxien 2 kwa 0. Lubumbashi wakafunga bao la kwanza, wakafunga na la pili, mizani ikawa sawa. Kisha, mchezo ukiwa karibu kwisha, Sfaxien wakapata bao moja, na bao hilo likatosha. Siku ile Mazembe walishinda mchezo wakapoteza kombe.

Miaka iliyofuata ilileta furaha tena: Kombe la Mabingwa mwaka 2015, Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na mwaka 2017. Basi waulizeni wazee wa mpira: Je, makombe hayo yalifuta majonzi ya zamani? Atakayesema kweli atajibu: La. Furaha ya mwaka 2015 ni ya mwaka 2015. Haikuingia ndani ya mwaka 1971 kuugeuza. Mtu aweza kupata mtoto wa pili akamfurahia sana, wala asimsahau yule aliyemzika. Ushindi mpya ni zawadi mpya. Si dawa ya kidonda cha zamani.

II. Mpaka na machozi ya pande mbili

Kasumbalesa ni mji wa mpaka. Malori ya shaba husimama mstari mrefu. Watu wa Kongo na watu wa Zambia huuziana, huoana, huzikana. Kwa hiyo watu wa hapa waweza kufahamu jambo ambalo mtu wa mbali hulifahamu kwa shida.

Mwezi wa Machi mwaka 1974 nchi hizi mbili zilikutana Kairo katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kongo wakati ule iliitwa Zaire. Tarehe 12 walicheza hata muda wa nyongeza, na Wazambia wakasawazisha mwishoni kabisa, ikawa 2 kwa 2. Siku mbili baadaye wakarudia. Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao 9 katika mashindano yale, akafunga mawili, na Zaire ikashinda 2 kwa 0. Upande huu wa mpaka ilikuwa sikukuu. Upande wa pili, mahali ambapo jogoo akiwika husikika pande zote mbili, ilikuwa kama matanga. Mchezo ulikuwa mmoja, na saa ilikuwa moja.

Kisha Zambia ikapatwa na msiba usio wa mchezo. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyochukua timu ya taifa kwenda Senegal ilianguka baharini karibu na Libreville, katika nchi ya Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa. Timu mpya ikaundwa kwa machozi, na mwaka uliofuata, Aprili 1994, ikafika fainali ya Afrika mjini Tunis. Zambia ikatangulia kufunga. Nigeria ikafunga mawili, ikatwaa kombe. Ikabidi kungoja hata tarehe 12 Februari 2012. Siku hiyo, katika Libreville ile ile, Zambia iliishinda Côte d'Ivoire kwa mikwaju ya penalti, 8 kwa 7. Kabla ya mchezo wachezaji walikuwa wamekwenda ufukoni kuweka maua kwa ajili ya ndugu zao waliokufa.

Wengi walisema siku ile ya kwamba marehemu wamelipwa. Maneno hayo yatoka katika moyo mwema, na asiwepo wa kuyacheka. Lakini mkatekumeni na ayapime. Kombe la Libreville halikumrudisha hata kijana mmoja nyumbani kwa mama yake. Na usiku ule ule ambao Wazambia waliimba, watu wa Côte d'Ivoire walilala wakilia.

Hii ndiyo sheria ya makombe yote ya dunia: kombe ni moja, na kila anayelitwaa amemnyang'anya mwingine. Hakuna furaha ya fainali isiyolipiwa na machozi ya mtu. Likumbukeni neno hilo, maana mbele litaonyesha jinsi ushindi wa Kristu ulivyo mbali na ushindi wote mwingine.

III. Makosa matatu ya moyo ulioshindwa

Kuhuzunika si dhambi. Yezu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Lakini huzuni ni kama mlango uliosahauliwa wazi usiku. Mwizi aweza kupita. Wezi watatu hupita hapo.

Mwizi wa kwanza ni kutafuta mchawi. Timu ikishindwa, maneno huanza kunong'onwa: mlinda lango alitegewa dawa, mwamuzi alipewa fedha, fulani alivunja mwiko. Mwamuzi aweza kukosea, kwa kuwa ni mtu. Na mwenye ushahidi wa rushwa aupeleke kwa wakubwa wa mpira. Lakini kumsingizia mtu bila ushahidi ni kuvunja amri ya nane. Na kwenda kwa mganga ili timu ipate bahati ni kuvunja amri ya kwanza. Siku ya ubatizo mkatekumeni ataulizwa mbele ya watu wote kama anamkataa Shetani na mambo yake yote. Atajibuje, ikiwa hirizi ya mpira imeshonwa ndani ya shati lake? Tena yafaa kuuliza: kwa nini mtu hupenda kutafuta mchawi? Kwa sababu ni vigumu kusema neno fupi la kweli, yaani, siku ile wenzetu walicheza vizuri kuliko sisi. Uongo huja upesi mahali ambapo kweli yaumiza.

Mwizi wa pili ni kukifanya kitu kuwa mungu. Timu imeitwa Mwenyezi. Ni jina la kujisifu katika michezo, na anayelitaja kwa mzaha hakusudii kufuru. Lakini mkatekumeni amejifunza Kanuni ya Imani. Ajua ya kuwa Mwenyezi ni Mmoja tu, aliyeumba mbingu na nchi. Timu iliyoitwa Mwenyezi ilifungwa Misri, ilifungwa Kinshasa, ilifungwa Abu Dhabi. Hata watu wake wenyewe, kama ni waaminifu, wana somo la katekisimu katika jina lile. Na mtu ajipime hivi: akipoteza Misa ya Dominika haoni neno, bali akipoteza mchezo hali chakula, fedha ya shule ya mtoto ameiweka kamari juu ya matokeo, na timu ikifungwa, watoto wake wajua kwa kusikia jinsi baba alivyofunga mlango. Baba huyo hampigi mkewe kwa sababu mke amekosa. Ampiga kwa sababu vijana kumi na mmoja, wasiomjua hata jina, wamefungwa katika nchi ya mbali. Mungu wa namna hiyo ni mkali sana kwa waabuduo, wala hawezi kuwaokoa.

Mwizi wa tatu ni kuitunza chuki. Mtu hulihifadhi jeraha lake kama mbegu, kila mwaka hulipanda tena. Akimwona jirani Mzambia, hamwoni jirani, aona mabao. Akikutana na mpenda mpira wa Kinshasa, ukumbusho wote wa ugomvi huamka. Hivyo mambo yaliyopita, ambayo hayawezi kugeuka, hugeuza watu wa leo kuwa adui. Watoto nao hurithi uchungu wa michezo iliyochezwa kabla hawajazaliwa. Urithi gani huo wa kumwachia mtoto?

IV. Jinsi Yezu alivyoponya

Sasa turudi penye njia ya Emau tuone jinsi Bwana anavyomponya mtu aliyevunjika tumaini.

Kwanza, alitembea nao. Walikuwa wakiuacha mji wa Yeruzalemu, wakienda mahali pasipofaa, naye hakuwazuia kwa ukali. Alishika mwendo wao.

Pili, aliwauliza. Yeye aliyejua yote kuliko wao aliwaacha waeleze yote tangu mwanzo. Yezu hasemi na mwenye huzuni: Nyamaza, ni jambo dogo. Kwa hiyo mkubwa asimdharau kijana aliaye kwa ajili ya mpira. Amsikilize kwanza, kisha amfundishe.

Tatu, aliwakemea kwa upendo, akawafumbulia Maandiko. Hakubadili habari yao hata kidogo. Ijumaa ilikuwa Ijumaa. Alibadili maana yake. Wao walidhani ya kuwa Msalaba ndio mwisho wa tumaini. Yeye akawaonyesha ya kuwa Kristu alipaswa kuteswa, ndipo aingie katika utukufu wake.

Hapa pana jambo kubwa, nanyi mlishike vizuri. Pasaka si mchezo wa marudiano. Wafuasi wa Yezu walitumaini ya kwamba atawashinda Warumi, ataukomboa Israeli kwa nguvu, na adui zao watalia. Kama angalifanya hivyo, lingalikuwa kombe moja zaidi, furaha ya hawa na machozi ya wale. Na baada ya miaka michache kombe lingalihama tena, kama lilivyohama kutoka Lubumbashi kwenda Misri. Yezu hakushinda hivyo. Alishinda dhambi na mauti. Katika ushindi wake hakuna taifa lililonyang'anywa. Myahudi na Mrumi, Mkongo na Mzambia, mtu wa Kumasi na mtu wa Katanga, wote waweza kuufurahia kwa siku moja, wala furaha ya mmoja haipunguzi ya mwenziwe. Aliyelia peke yake siku ile ni Shetani.

Ndiyo maana Mtakatifu Paulo, ambaye jina lake liliwahi kuvaliwa na timu ya Lubumbashi, aliwaandikia Wakorinto juu ya wakimbiaji uwanjani. Aliwaeleza ya kwamba wakimbiaji ni wengi, lakini tuzo hupewa mmoja. Nao hujinyima mengi kwa ajili ya taji la majani liharibikalo, bali Mkristu hushindania taji lisiloharibika. Na mwishoni mwa maisha yake, akiwa kifungoni, alimwandikia Timoteo ya kuwa taji hilo hakuwekewa yeye peke yake. Wamewekewa wote wanaongoja kwa upendo kutokea kwake Bwana. Uwanjani taji ni la mmoja. Mbinguni taji ni la wote waliomaliza mwendo. Je, mwaona tofauti?

Nne, aliumega mkate, na macho yao yakafumbuka. Kisha saa ile ile, usiku umekwisha kuingia, waliondoka wakarudi Yeruzalemu. Walirudi katika mji ule ule wa kushindwa kwao. Hawakuukimbia tena. Na Bwana alipowatokea huko, aliwaonyesha mikono na miguu yake, yenye alama za misumari. Angaliweza kufufuka bila makovu. Aliyabakiza, ili wajue ya kwamba Mungu hafuti yaliyopita; huyatakasa, yawe ushuhuda.

Ninyi wakatekumeni mko katika sehemu ya kwanza ya njia hiyo. Sasa mwasikia Maandiko yakielezwa, na mioyo yenu yaanza kuwaka. Mezani hamjafika bado. Msikate tamaa kwa kuwa safari ni ndefu. Wale wawili nao walitembea muda wote ule karibu na Bwana wasimtambue, naye alikuwa nao tangu hatua ya kwanza.

V. Yafaayo kutendwa

Kanisa halikatazi mchezo. Mtakatifu Yohane Bosko, ambaye wanawe Wasalesiani walihubiri Injili katika jimbo hili la Sakania, aliwaacha vijana wake wacheze na kukimbia, maana aliona ya kuwa kijana mwenye furaha hufundishika vizuri. Basi mkatekumeni na aupende mpira kama mtumishi, asiupende kama bwana.

Timu yake ikishindwa, na ahuzunike kwa kadiri. Matanga yana siku zake. Zikiisha, watu huanua matanga, hurudi shambani. Asikae matangani miaka arobaini kwa ajili ya kombe.

Akisimulia fainali za zamani, na asimulie kweli tupu: nani alifunga, nani alicheza vizuri, hata kama ni mpinzani. Masimulizi ya kweli hufundisha watoto heshima. Masimulizi ya uongo huwafundisha kinyongo.

Awe wa kwanza kwenda kumpa mkono jirani aliyeshinda. Hapa Kasumbalesa jambo hilo ni rahisi, kwa kuwa jirani yuko ng'ambo ya kizuizi tu. Na siku atakaposhinda yeye, akumbuke ya kwamba mahali fulani mtu analia. Asimpigie ngoma mlangoni.

Na fedha ya chakula na ya shule isiwekwe kamari hata senti moja.

Wapenzi wa Mazembe hujiita Kunguru. Bwana wetu naye aliwataja kunguru, ndege wasio na shamba wala ghala, akafundisha ya kwamba Baba wa mbinguni huwalisha, na ya kuwa mtu ana thamani kupita ndege. Jina hilo ni zuri kwa Mkristu akilifahamu hivyo. Kunguru hajui kesho atakula nini, wala hatunzi hesabu ya siku alizokosa.

VI. Maswali kwa wakatekumeni

Swali: Wale wawili wa Emau walikosa nini, maana habari waliijua yote?
Jibu: Walijua mambo yaliyotokea, lakini hawakujua maana yake, kwa kuwa walitazama Msalaba bila Maandiko.

Swali: Je, ni dhambi kuhuzunika timu ikishindwa?
Jibu: Si dhambi. Dhambi ni kumsingizia mtu, kwenda kwa mganga, kuwatesa watu wa nyumbani, au kutunza chuki kwa sababu ya huzuni hiyo.

Swali: Ushindi wa Kristu watofautianaje na ushindi wa dunia?
Jibu: Ushindi wa dunia humpa mmoja na kumnyang'anya mwingine. Ushindi wa Kristu wawapa uzima wote wanaomwamini, wala haumnyang'anyi mtu.

Swali: Kwa nini Bwana alifufuka akiwa na makovu?
Jibu: Ili wafuasi wajue ya kuwa ni yeye yule aliyesulibiwa, na ya kuwa Mungu aweza kuyageuza majeraha kuwa alama za utukufu.

Swali: Nani peke yake apaswa kuitwa Mwenyezi kwa kweli?
Jibu: Mungu Baba, Muumba wa mbingu na nchi, pamoja na Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja.

Kazi ya juma hili: kila mkatekumeni amtafute mtu mmoja aliyemkasirikia kwa ajili ya mashindano ya zamani, ya mpira au ya jambo lolote lingine, akamsalimu kabla ya Dominika.

Sala. Ee Bwana Yezu, uliyefuatana na wafuasi wako wenye huzuni, fuatana nasi pia. Sikiliza masimulizi yetu, hata yale tuliyoyarudia mara nyingi mno. Utufundishe kuwasamehe waliotushinda, na kuwahurumia tuliowashinda. Utufikishe mezani pako, na mwisho utuvike taji lisiloharibika, sisi pamoja na jirani zetu wa pande zote mbili za mpaka. Amina.